Bima imekataa kulipa kwa sababu moyo ulikuwa mzima

Shikamoo Mama,

Nakuandikia kutoka San Diego, California. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, baba watoto ni Mkongo wa Bukavu, na tuna watoto wawili. Nafanya kazi ya kuhudumia wazee katika kituo kimoja hapa, yeye yuko ghalani zamu ya usiku. Bima ya afya ya familia nzima tunaipata kupitia kazi yangu, na kila mshahara ukitoka wanakata chao kabla sijauona.

Mwezi wa kumi na moja mwaka jana, Jumapili usiku, mume wangu alishikwa na maumivu ya kifua. Ana miaka 47. Alianza kwa kusema chakula hakijashuka vizuri, nikamchemshia maji ya tangawizi. Baadaye jasho likaanza kumtoka mpaka fulana ikalowa, akasema mkono wa kushoto umekufa ganzi na anahisi kama kuna mtu amemkalia kifuani. Baba yake mzazi alifariki kwa ugonjwa wa moyo kabla hajafika miaka 55, na hilo ndilo jambo la kwanza alilolitaja. Nikawaacha watoto kwa jirani, nikampakia kwenye gari, nikamkimbiza hospitali iliyo karibu na kwetu. Sikukumbuka kadi ya bima wala orodha ya hospitali ambazo bima imeingia nazo mkataba. Hospitali iliyo kwenye orodha hiyo iko mbali, ng'ambo ya mji.

Walimpokea haraka. Wakampima moyo kwa zile nyaya za kifuani, wakachukua damu, wakaichukua tena baada ya saa kadhaa, wakampiga picha, wakamlaza. Asubuhi daktari akatuambia moyo hauna tatizo, ni asidi ya tumbo inayopanda kooni. Akaandikiwa dawa, tukarudi nyumbani tunamshukuru Mungu.

Shukrani haikudumu. Ikaja barua ya bima, imeandikwa tarehe 10 Februari. Wanasema hawalipi kwa sababu hali haikuwa ya dharura, tena hospitali haimo kwenye orodha yao. Nyuma ya barua kuna maandishi madogo mengi ambayo hatukuyaelewa. Hospitali inadai dola 11,480. Halafu ipo bili nyingine ya dola 1,260 kutoka kwa kikundi cha madaktari ambacho hatujawahi kukisikia. Tukaambiwa ndio waliomhudumia usiku ule. Nikapiga simu bima. Yule dada wa kwenye simu akasema hawezi kuzungumza nami kwa kuwa mgonjwa ni mume wangu, si mimi. Bima yenyewe inatoka kwenye mshahara wangu! Mume wangu naye Kiingereza cha simu kinampiga chenga. Binti yetu wa miaka 12 akajaribu kututafsiria, akaishia kulia.

Sasa kila mtu ana lake. Shemeji yangu anataka tupeleke habari kwenye kundi la WhatsApp la jumuiya tufanyiwe mchango, tulipe, yaishe. Rafiki yangu wa kazini anasema tuitupe barua, deni la hospitali huku halimfungi mtu. Mume wangu anasema tukianza kulalamika serikalini tutajiharibia karatasi, maana ombi lake la green card bado halijajibiwa. Na mimi kuna jambo linalonitisha kuliko pesa: juzi alishikwa tena kidogo, akakataa katakata kwenda kokote.

Hospitali imetuma onyo kwamba deni litapelekwa kwa wakusanya madeni. Leo tuko mwezi wa tano. Tumeshachelewa? Tuna haki yoyote, au ndiyo tumeshindwa kwa sababu moyo ulionekana mzima?

Mama wa Wawili, San Diego

*

Marahaba, mwanangu.

Nianze na hilo ulilolitia mwishoni, la mumeo kushikwa tena na kukataa kwenda hospitali. Mpeleke kwa daktari wake wa kawaida wiki hii. Na zile dalili za usiku ule zikirudi, piga 911, usimwendeshe mwenyewe. Najua gari la wagonjwa linaogopewa kwa bili zake, lakini hapo California, tangu Januari 2024, mtu mwenye bima inayosimamiwa na jimbo hatozwi na gari la wagonjwa zaidi ya kile ambacho angelipa kama gari hilo lingekuwa kwenye orodha ya bima yake. Kuwa na asidi ya tumbo hakumkingi mtu na ugonjwa wa moyo, na baba aliyefariki mapema ni habari ambayo daktari yeyote makini ataiandika kwenye faili.

Haya, tuje kwenye barua. Hamjachelewa. Mna siku 180 za kulalamika kwa kampuni yenyewe, na kwa barua ya tarehe 10 Februari siku hizo zinaisha mapema Agosti. Hamjashindwa pia, tena kesi yenu ni ya zile ninazopenda kuzisikia. Kabla ya kustaafu nilikaa miaka mingi kwenye ofisi ya bili ya hospitali, na barua za namna hii nilikuwa nazipanga mafungu. Zilizonikera kuliko zote ni hizi za kumpima mgonjwa kwa majibu ya asubuhi. Ni sawa na kumtoza faini mtu aliyeita zimamoto kwa sababu moshi ulikutwa ni wa ubani.

Sheria ya California imeliona hilo zamani. Kifungu 1371.4 cha Health and Safety Code, yaani sheria za afya na usalama za jimbo, kinaitaka kampuni ya bima ilipe huduma ya dharura mpaka hali ya mgonjwa itulie, bila kibali cha kuombwa kabla. Imeruhusiwa kukataa kwa sababu mbili tu: kwamba huduma haikutolewa kabisa, au kwamba mgonjwa hakuhitaji huduma ya dharura na yeye mwenyewe, kwa akili ya kawaida, alipaswa kujua kwamba si dharura. Hiyo sababu ya pili ina sehemu mbili, na barua yenu, kwa ulivyoniandikia, imetaja moja ikainyamazia nyingine. Mwanamume wa miaka 47, kifua kimebana, jasho, mkono una ganzi, baba yake amekufa kwa moyo. Alipaswa kujuaje sebuleni kwake kwamba ni tumbo? Hospitali yenyewe, pamoja na mashine zake, ilichukua damu mara mbili kwa kupishanisha saa kadhaa, kwa sababu kipimo cha kwanza peke yake hakitoshi kuuondolea moyo lawama. Kama daktari alihitaji usiku mzima kujua, mgonjwa asilaumiwe kwa kutojua.

Na hilo la hospitali kutokuwa kwenye orodha, wala lisiwasumbue. Kwa dharura halina nguvu. Sheria ya afya ya shirikisho ya 2010, ile watu wanayoiita Obamacare, ilikataza kampuni kubagua hospitali ya dharura kwa sababu ya orodha, na sheria iliyoanza Januari 2022 dhidi ya bili za kushtukiza, No Surprises Act, ikakazia.

Sasa yageuze yale maandishi madogo ya nyuma ya barua uyasome, maana ndimo ulimo mlango wenu. Tafuta aya inayotaja California Department of Managed Health Care na namba 1-888-466-2219. Kampuni zinazosimamiwa na idara hiyo, DMHC kwa kifupi, zimelazimishwa na sheria kuiweka aya hiyo kwenye barua zao za kukataa. Ukiiona, mko chini ya jimbo, na yote nitakayosema hapa chini yanawahusu. Baadhi ya bima nyingine za California ziko chini ya California Department of Insurance, namba 1-800-927-4357, utaratibu unafanana.

Usipoiona aya hiyo wala hiyo namba nyingine, nenda ofisi ya rasilimali watu kazini kwako uwaulize swali moja: je, madai ya matibabu yanalipwa kwa pesa za kampuni ya bima au kwa pesa za mwajiri mwenyewe? Waajiri wengi wakubwa hulipa wenyewe, na kampuni ambayo jina lake limechapishwa kwenye kadi huwa karani tu wa kushughulikia makaratasi. Bima ya namna hiyo inatawaliwa na sheria ya shirikisho ya 1974 iitwayo ERISA, na jimbo la California halina mkono wa kuifikia. Watu wengi hupoteza miezi wakigonga mlango wa jimbo kumbe wao ni wa Wizara ya Kazi ya Marekani. Ikiwa ndivyo, pigieni 1-866-444-3272, kitengo chao kinachoshughulikia mafao ya wafanyakazi. Siku 180 ni zile zile, kipimo cha mtu wa kawaida ni kile kile, na baada ya kampuni kukataa mara ya mwisho kuna miezi minne ya kuomba mkaguzi wa nje. Sitaendelea na njia hiyo, kwa sababu kwa kituo cha wazee cha ukubwa wa kawaida nahisi mtaikuta ile aya ya DMHC.

Yule dada wa kwenye simu hakukosea, ingawa angeweza kukueleza vizuri zaidi. Sheria ya faragha ya afya inamzuia kukueleza habari za mtu mzima mwingine bila ruhusa yake, hata kama ni mumeo na hata kama makato ni ya mshahara wako. Dawa yake ni fomu. Kampuni ina fomu ya kumteua mwakilishi, na DMHC nayo ina yake. Mumeo atie saini, awape ruhusa ya kuzungumza nawe. Baada ya hapo hamhitaji kumwamsha kila mkipiga simu.

Mkalimani msimfanye yule mtoto tena. Mkipiga simu semeni tu "Swahili" na msubiri. Kampuni inapaswa kuwapa mkalimani bure, na DMHC pia hutoa bure. Mkalimani akiwa wa Nairobi na mumeo wa Bukavu, mtakwaruzana kidogo kwenye maneno. Mwambieni arudie. Ni haki yenu, na simu haina haraka yoyote isipokuwa ile ya mtu aliyeko upande wa pili.

Kabla ya kuandika malalamiko, kusanyeni karatasi tatu. Kwanza rekodi za hospitali za usiku ule, hasa ukurasa wa mapokezi ambapo nesi aliandika mgonjwa amekuja analalamika nini. Ukurasa huo una thamani kuliko barua ya daktari ya asubuhi, kwa sababu uliandikwa kabla mtu yeyote hajajua jibu. Pili, faili zima la dai kutoka kwa kampuni ya bima: vigezo walivyotumia, maelezo ya aliyepitia dai, na ni mtaalamu wa nini. Mkiomba watatoa bila malipo. Kuna sheria ya California iliyoanza Januari 2025 inayokataza kompyuta yenye akili bandia kuamua peke yake kwamba matibabu hayakuhitajika. Uamuzi huo ni wa daktari au mtaalamu mwenye leseni. Ulizeni waziwazi nani aliamua. Nimeona mafaili ambayo swali hilo peke yake liliyafanya yafunguliwe upya.

Karatasi ya tatu huwa haiulizwi na mtu, na ndiyo niliyoishughulikia mimi maisha yangu yote: fomu ya dai ambayo hospitali iliituma kwa bima. Dai halisafiri na maelezo marefu, linasafiri na namba. Asidi ya tumbo inayopanda bila kuvimbisha umio, ule mrija wa chakula, ni K21.9. Maumivu ya kifua yasiyojulikana chanzo ni R07.9. Fomu ya hospitali ina sehemu ya ugonjwa uliogunduliwa na sehemu nyingine ya sababu iliyomleta mgonjwa. Kama karani aliandika K21.9 juu, na kwenye sehemu ya sababu hakujaza R07.9 au akajaza kitu kingine, kampuni imemwona mtu aliyekwenda chumba cha dharura kwa kiungulia. Mpigie mtu wa ofisi ya bili umuulize kama R07.9 imo. Kama haimo, mwombe arekebishe na alitume dai upya. Wakati mwingine mzozo mzima unaishia hapo, bila rufaa. Na hospitali itakusikiliza, kwa sababu nayo inataka pesa yake, na bima hulipa kwa uhakika kuliko familia.

Kisha andikeni. Msiandike kwa hasira na msisimulie maisha yenu yote. Ukurasa mmoja unatosha. Yaliyomo yawe kama hivi, mkishayaweka kwa Kiingereza:

"Ninapinga uamuzi wenu wa tarehe 10 Februari wa kutolipa huduma ya dharura niliyopata. Usiku huo nilikuwa na maumivu ya kifua yanayobana, jasho jingi na ganzi ya mkono wa kushoto. Nina miaka 47, na baba yangu alifariki kwa ugonjwa wa moyo kabla ya miaka 55. Niliamini moyo wangu una tatizo na kwamba nikichelewa naweza kufa. Nilikwenda hospitali iliyo karibu zaidi. Rekodi ya mapokezi, ambayo nimeiambatanisha, inaonyesha dalili hizo. Daktari alihitaji vipimo vya saa kadhaa kuthibitisha kwamba si moyo. Kwa kifungu 1371.4, naomba mlipe dai hili pamoja na bili ya madaktari waliohudumu. Kama mnakataa, nielezeni ni kwa msingi gani mnasema nilipaswa kujua kwamba si dharura."

Sentensi ya mwisho msiiache. Ndiyo inayowalazimisha kuijibu sehemu waliyoiruka. Mumeo ndiye mgonjwa, kwa hiyo barua isemwe kwa kinywa chake na saini iwe yake. Wewe andika ukurasa wako wa ushahidi, mfupi, wa ulichokiona: fulana iliyolowa, maneno aliyoyasema, muda mliotoka nyumbani. Ushahidi wa mke aliyekuwepo si kitu kidogo.

Malalamiko yanaweza kupelekwa kwa simu, kwa posta au kwenye tovuti ya kampuni. Mimi nawashauri maandishi, na mbaki na nakala. Mkipiga simu, andikeni tarehe, jina la mliyezungumza naye na namba ya malalamiko. Kampuni inatakiwa kuwajulisha ndani ya siku 5 kwamba imeyapokea, na kuwajibu ndani ya siku 30.

Wakikataa tena, au siku 30 zikipita kimya, ndipo mnakwenda DMHC. Huduma hiyo ni bure. Fomu yao moja inapokea malalamiko ya kawaida na pia ombi la kile wanachokiita Independent Medical Review, IMR, ambapo madaktari wasiofanya kazi na kampuni hiyo wanalipitia faili. Madai ya dharura yaliyokataliwa yamo kwenye mambo wanayoyapitia. Mna miezi 6 tangu jibu la kampuni, na majibu hutoka baada ya wiki chache. Madaktari hao wakiamua upande wenu, kampuni haina pa kukimbilia, lazima ilipe.

Watu wengi hudhani hatua hii ni ya kujifurahisha tu, kwamba kampuni kubwa haishindwi. Ripoti za mwaka za DMHC zimekuwa zikionyesha kwamba zaidi ya nusu ya wanaofikisha ombi la IMR huishia kupata walichonyimwa, wengine kwa sababu kampuni ilibadili msimamo ilipoona tu ombi limeingia. Tatizo ni kwamba wanaofika huko ni wachache mno. Shirika la utafiti la KFF liliangalia bima zinazouzwa kupitia HealthCare.gov katika majimbo mengine, likakuta kwamba chini ya asilimia 1 ya madai yaliyokataliwa ndiyo hukatiwa rufaa. Kampuni zinaijua hesabu hiyo kuliko sisi.

Kuhusu lile onyo la hospitali: waandikieni leo, si kesho, kwamba mnapinga uamuzi wa bima na mnaomba akaunti isimamishwe mpaka jibu litoke. Hospitali za California na wakusanya madeni wao hawaruhusiwi kumshtaki mgonjwa mahakamani kwa deni kabla ya siku 180 tangu bili ya kwanza, na muda huo unaongezeka kwa mgonjwa mwenye rufaa ya bima ambaye anawasiliana nao kwa nia njema. Hilo neno la kuwasiliana ndilo linalowalinda, kwa hiyo ushauri wa rafiki yako wa kazini wa kutupa barua ni mbaya. Mnyamavu hana kinga. Katika barua hiyo hiyo ombeni fomu ya msaada wa kifedha. Kwa sheria ya jimbo, familia ambayo kipato chake hakizidi asilimia 400 ya mstari wa umaskini wa shirikisho inaweza kupunguziwa au kusamehewa, na hata mwenye bima anaweza kustahiki kama gharama zake za matibabu zimezidi asilimia 10 ya kipato. Kwa mishahara ya kituo cha wazee na ghala, na watoto wawili, jazeni. Rufaa na fomu hiyo zinaweza kwenda pamoja. Rafiki yako ana ukweli kidogo tu: tangu 2025 deni la matibabu California haliruhusiwi kuwekwa kwenye ripoti ya mikopo. Kushtakiwa mahakamani bado kunawezekana.

Ile bili ya dola 1,260 ya madaktari msiowajua ndiyo nyepesi kuliko zote. Mahakama ya Juu ya California iliamua mwaka 2009 kwamba madaktari wa chumba cha dharura wasiwageukie wagonjwa wa bima zilizo chini ya DMHC kudai kilichobaki. Wagombane na kampuni wenyewe. Mnachodaiwa ninyi ni ile sehemu ya mgonjwa iliyoandikwa kwenye kadi au kijitabu cha bima kwa huduma ya dharura, basi. Watumieni nakala ya malalamiko. Wakiendelea kuwasumbua, hilo nalo mlitaje kwenye fomu ya DMHC.

Shemeji yako ana moyo mzuri, lakini mchango usifanyike sasa. Bei iliyo kwenye bili ni bei ya orodha, ambayo kampuni ya bima kwa kawaida hailipi. Watu wa jumuiya yenu watalipa kilicho juu kabisa. Na mkishalipa, kazi inageuka kuwa ya kudai kurudishiwa, ambayo ni ndefu na ya kuchosha kuliko kutolipa tangu mwanzo. Jumuiya zetu zinachangishana kwa misiba, kusafirisha maiti nyumbani, mtu aliyefukuzwa kazi. Msiwamalizie pesa zao kwa deni ambalo ni la kampuni.

Sasa hofu ya mumeo, ambayo naiheshimu, kwa sababu tunakotoka wengi kwenda ofisi ya serikali kulalamika kuna gharama yake. Mnachopeleka DMHC ni malalamiko dhidi ya kampuni ya bima mliyoilipa wenyewe. Hamuombi msaada wa serikali, na bima inayotokana na ajira si mzigo kwa umma kwa hesabu za uhamiaji. Kampuni haiwezi kuwafutia bima kwa sababu mmelalamika, na sheria inamkataza mwajiri wako kukuadhibu kwa kudai mafao yako. Kama bado moyo wake hautulii, amuulize wakili anayeshughulikia ombi lake kabla ya kutia saini. Ila asimuulize jamaa wa kundi la WhatsApp.

Mkitaka mtu wa kukaa nanyi na kuzisoma karatasi, pigieni Health Consumer Alliance, 1-888-804-3536. Ni mashirika ya msaada wa kisheria ya California, hayatozi, na kesi za bima ndiyo kazi yao ya kila siku. Mpelekee mtu huyo ile barua ya Februari, bili zote mbili, ukurasa wa mapokezi na kijitabu cha bima mlichopewa kazini.

Na kampuni ikishalipa, msifunge faili. Itakuja karatasi ya maelezo ya malipo inayoonyesha hospitali ilidai kiasi gani, bima imelipa kiasi gani, na ninyi mnabakiza kiasi gani. Hicho cha mwisho kilingane na kilichoandikwa kwenye kadi au kijitabu cha bima kwa huduma ya dharura. Hospitali ikituma bili iliyozidi hapo hata kwa dola 50, usilipe. Piga tena ile namba ya DMHC, 1-888-466-2219, na uwape namba ya kesi yenu.